Jumanne ya Kupanda Ngomeni

Neema alinipigia simu nikiwa kwenye foleni ya dukani, Highview, mtaa wetu wa Louisville, Marekani, mfuko wa vitunguu mkononi. "Auntie, Mama ametutoka," alisema, kisha akaanza kunieleza habari za kanisa na za maziko kwa Kiingereza, kwa sababu Neema akilia hukimbilia Kiingereza. Nilivirudisha vitunguu mahali pake, hata sijui kwa nini, nikatoka mikono mitupu. Kesho yake nikaendesha gari kutoka Louisville hadi Westerville, kaskazini mwa Columbus, nikamchukua yeye na mwanawe mdogo, tukaendelea hadi Kenmore, mji ulioshikana na Buffalo, ambako kaka yake Neema amenunua nyumba na ambako mama yao alimalizia siku zake. Njiani Neema alilala, akaamka, akalia, akalala tena. Tulipokaribia, aliniwekea mkono begani. "Auntie, kesho kanisani utasimama. Utaeleza ile siku mlipanda château, ile ngome ya Ufaransa. Mama alipenda sana ile story." Nikamwambia sawa. Nilikamata usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyejifunza kuendesha jana, kwa sababu siku hiyo anayoisema haikuwapo. Kulikuwa na siku nyingine, Jumanne, na mimi ndiye niliyeiharibu.

Mwaka 2015 nilikuwa na miaka thelathini na nilijiona nimeshamaliza kukua. Mimi na Espérance tulikaa mlango kwa mlango kwenye zile apartimenti za matofali zilizo nyuma ya maduka, na tulifanya kazi ghala moja, zamu moja, tukibandika lebo kwenye maboksi. Yeye alikuwa Mkongomani wa Uvira, amenizidi miaka kumi. Mimi Mrundi niliyelelewa kambini Tanzania. Watu wote walimwita Mama Neema. Mimi nilimwita Dada Espe, naye aliniita Goreth bila nyongeza, kama anayemwita mdogo wake wa tumbo moja. Sebule yake naikumbuka kuliko yangu: makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma, televisheni isiyozimwa, harufu ya sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu iliyoingia hadi kwenye mapazia, na ukutani, pale ambapo wengine huweka picha ya harusi, picha ya kalenda iliyokatwa kwa mkasi. Ilikuwa picha ya mto na mwamba mrefu, na juu ya mwamba ngome ya kale yenye minara. Shuleni kwao, kwa masista, kulikuwa na picha ya namna hiyo, na watoto walikaririshwa mito ya Ufaransa mmoja baada ya mwingine, fimbo ikiwa mezani. "Nilijua Dordogne inapita wapi mbele nijue Ruzizi inatokea wapi," aliniambia. "Na Ruzizi iko pale karibu na kwetu, donc unaona." Aliyasema akicheka. Mimi ningeichana ile picha. Yeye alitaka kuingia ndani yake.

Siku nilipotaja kwamba nina shangazi, dada wa baba yangu, anayeishi Ufaransa, aliniuliza ni sehemu gani, kwa adabu tu, huku akipakua wali. Nilipotaja jina la mto aliuacha upawa ndani ya sufuria. "Goreth. Dordogne? Ile yenyewe?" Nilisema ndiyo, Shangazi Perpétue anakaa kandokando yake, anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, na kila akipiga simu ananilaumu kwamba sijawahi kumtembelea. Mwaka huo tulikuwa tumeshaapishwa uraia sote wawili, pasi zetu mpya kabisa, hazina mhuri hata mmoja. Kabla wali haujapoa safari ilikuwa imeshapangwa. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona shangazi. Yeye alikuwa anakwenda kupanda ngomeni, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikuona kwamba hizo ni safari mbili tofauti.

Halafu miguu. Tulikuwa tunajua miguu yake ni mizito, lakini nani anayesimama ghalani kwa saa kumi miguu yake ni miepesi? Mwezi wa nne daktari alimwambia kuwa ni ugonjwa wa misuli na kwamba utaendelea polepole. Aliniambia mimi peke yangu, tukikunja shuka kwenye chumba cha mashine za kufulia, kila mtu ameshika ncha zake. "Miaka mbili, tatu, nitakuwa na fimbo. Kisha kiti ya magurudumu. Bon. Leo miguu iko. Mi nataka nipande mara moja tu, na miguu yangu mwenyewe, halafu balete kiti yao." Nilimwahidi kwamba atapanda. Sikuahidi kimoyomoyo, nilisema kwa mdomo, shuka ikiwa kati yetu, naye akasema, "Nimesikia." Tukaanza mazoezi. Kila Jumamosi tulitembea kando ya barabara ya Highview, kwenye nyasi, maana njia ya waenda kwa miguu huwa inakatika ghafla. Hatukuwahi kumaliza mzunguko bila gari la mtu wa kanisani kusimama. "Gari imeharibika? Pandeni!" Mtu mzima wa kwetu akionekana anatembea kwa miguu Louisville, lazima gari lake limekufa. Tukieleza kwamba tunafanya mazoezi ya kwenda kutembea Ufaransa, ndiyo wanazidi kutuhurumia. Mama Mchungaji, Mkongomani mwenzake, alituteremshia kioo akacheka mpaka akashika usukani. "Espérance, kweli? Tumetembea mu pori na batoto mugongoni, Mungu ametutoa mu barabara, sasa unapanda ndege kurudia mu barabara?" Espérance alipangusa jasho. "Ile ilikuwa kukimbia, Mama. Kutembea, mi sijatembea bado." Mama Mchungaji aliacha kucheka. Alipandisha kioo taratibu akaenda zake.

Tulifika kwa Shangazi mwezi wa saba, joto la kutosha. Nyumba yake ilikuwa ndogo na safi kupita kiasi, na kutoka dirisha la jikoni uliona mto, na ng'ambo yake mwamba, na juu ya mwamba ngome, kama ile ya kalenda imeshushwa pale kwa ajili yetu. Espérance alisimama kwenye lile dirisha na mkoba wake bado begani. Mimi nilikuwa natazama friji. Juu ya friji Shangazi alikuwa amebandika karatasi yenye siku zetu kumi, na kila siku ina jina la nyumba: Jumapili kwa fulani, Jumatatu kwa fulani na fulani. Warundi wa lile bonde, na Wakongomani, na Wanyarwanda wawili watatu, walikuwa wameshatugawana. Kwetu mgeni si wa aliyemwalika peke yake. Kila nyumba ina haki ya kumlisha, na nyumba ikirukwa, imetukanwa, na aliyetukana si mgeni bali mwenyeji wake. Kwa hiyo tulikula. Tulikula ndizi na maharage, ugali na lengalenga, mishikaki, na mahali pengi jibini la Kifaransa liliwekwa katikati ya meza kwa heshima, likatazamwa na kila mtu, likarudishwa kabatini. Tulisikia nani amepata makaratasi na nani anasubiri, binti wa nani ameolewa na Mzungu, nani kazini kwake wanamwita kwa jina lisilo lake. Siku ya nne Espérance aliniinamia sikioni. "Goreth, batu ba huku banakula tu? Habatokaki inje?" Nikamwambia avumilie, karatasi ina nafasi moja tupu. Jumanne, siku moja kabla ya kuondoka. Shangazi mwenyewe alikuwa ameandika kwa mkono wake: kutembea.

Ngome nyingine tuliziona kupitia kioo cha gari. Désiré, mtoto wa Shangazi, ndiye aliyetuendesha kutoka meza moja kwenda nyingine, na ukingo wa ule mto umejaa ngome, moja ikiitazama nyingine ng'ambo ya maji. Espérance akimwomba asimame, alisimama dakika mbili, tunapiga picha, halafu, "Dada zangu, twendeni, wameshapakua." Nina picha hizo: minara ya watu wa kale nyuma yetu, na mikononi mwetu makopo ya plastiki ya chakula tulichofungiwa. Mimi Kifaransa changu ni cha salamu na cha sala. Yeye alisoma kwa masista, kwa hiyo ndiye aliyenisomea kila kitu njiani, majina ya vijiji, bei za mkate, vibao vya kuonya mawe yasikuangukie. Siku ya pili, Désiré alipokuwa anajaza mafuta, Espérance alivuka barabara akaingia kwenye ofisi ya watalii, akarudi na kijikaratasi kilichokunjwa mara tatu. Kilikuwa cha ngome yetu, ile ya dirishani. Alinisomea njia nzima tukiwa kiti cha nyuma. Inaanzia nyuma ya kanisa, inafuata mto chini ya miti, unaangalia alama za rangi ya njano kwenye mawe, halafu ngazi, halafu kupanda. Saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka. "Mi nitachukua saa tatu," alisema. "Nani ananikimbiza?" Akatoa kalamu yake ya bluu, ileile anayopigia mistari kwenye Biblia, akawa anapiga mistari hapa na pale.

Jumanne asubuhi niliamka nikakuta Shangazi jikoni amesimama, amefunga kilemba cha kutokea. Alinisemesha Kirundi, sauti ya chini, ingawa Espérance Kirundi hakijui. Mzee Gaspard amerudi. Huyu Gaspard hakuwemo kwenye karatasi kwa sababu alikuwa safarini. Alikuwa ndiye Mrundi aliyempokea Shangazi alipofika Ufaransa, akamlaza yeye na watoto wake nyumbani kwake majira yote ya baridi. Amesikia wageni wapo na wanaondoka kesho. Ameshachinja mbuzi. "Watasema mtoto wa kaka yangu alivuka bahari kuja kutazama mawe, akamruka mzee aliyenilaza," Shangazi alisema. "Mawe hayaendi popote. Mwambie mwenzako." Kwetu shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Hubishani naye. Lakini nimekuwa na miaka mingi ya kuufikiria ule mlango wa jikoni, na najua nilichoweza kusema. Ningeweza kusema, Shangazi, mimi nitakuja kwa mzee, Désiré ampeleke mwenzangu ngomeni. Ningeweza kusema, miguu yake inakufa. Maneno matatu tu, na Shangazi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwainua watu wasioweza kusimama, angeelewa kuliko mtu yeyote. Sikusema kwa sababu niliona raha kuwa mtoto mwema. Hilo ndilo chini kabisa ya jambo hili. Watu wa bonde zima walikuwa wamenisifu kwa siku tisa kwamba Amerika haijaniharibu, na nilitaka siku ya kumi.

Espérance alikuwa ameketi ngazi za nje. Raba nyeupe, kamba zimefungwa mara mbili, chupa ya maji, ndizi mbili ndani ya mfuko, na kile kijikaratasi juu ya goti. "Tuende?" Nikamwambia, "Dada Espe, leo wamefunga. Jumanne huwa hawafungui. Désiré amepiga simu kuuliza." Uongo mara tatu kwa pumzi moja, na ule wa tatu nikambebesha mtu aliyekuwa bado amelala. Alinitazama. Alitazama ule mwamba ng'ambo ya mto, kisha akanitazama tena mimi, nami nikajifanya nakunja mkono wa shati. "Wamefunga," alisema, si kwa kuuliza. Akakikunja kijikaratasi akakitia kwenye mkoba. Akainama kufungua kamba za raba ili abadilishe viatu, na ilimchukua muda, maana vidole navyo vilikuwa vimeanza. Sikumsaidia. Nilisimama tu. "Bon," alisema alipomaliza. "Basi tukakule."

Kwa Mzee Gaspard meza ilipangwa kwenye veranda, na veranda ilielekea kulekule. Nilipofika nilitazama juu nikaona watu kwenye ukuta wa ngome, wadogo, wenye nguo za rangi rangi, wanatembea. Nilikimbilia kiti kinachotazama kule, nikamvutia Espérance kiti cha kuupa mto mgongo. "Kaa hapa, Dada, jua lisikupige." Akakaa. Na wakampenda! Aliwasimulia habari za ghala, akamwigiza msimamizi wetu anavyotembea, Mzee Gaspard akacheka mpaka akatolewa mfupa mdomoni. Alipewa kipande cha heshima, akala, akashukuru kwa Kifaransa cha masista, na mzee akamgeukia Shangazi akamwambia kwamba nimekuja na mtu. Shangazi alinishika goti chini ya meza kwa furaha. Sikumbuki mbuzi yule alikuwa na ladha gani. Nakumbuka shingo ya Espérance, nyuma yake mwamba, na juu ya mwamba wale watu wanaopita na kupita, na mimi nikiomba asigeuke. Hakugeuka hata mara moja, mchana kutwa, na mimi nikajiambia nina bahati.

Miguu ilifuata ratiba ya daktari. Fimbo ilikuja, kisha kazi ikaisha, kisha Neema akamchukua Westerville, kisha kile kiti, kisha Kenmore kwa mwanawe, kwenye nyumba yenye chumba cha chini kisichohitaji ngazi. Nilimpigia simu Jumapili nyingi, si zote. Columbus nilikwenda mara tatu, Buffalo mara moja. Kila mara nilikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa ya kweli, lakini ukweli wenyewe ni kwamba sikuweza kuketi mbele ya ile miguu. Hakunisema hata siku moja. Akitaja Ufaransa alitaja mbuzi wa Gaspard na jibini lililorudi kabatini, na tulicheka. Nilikuwa naogopa kicheko kikiisha atauliza, na hakuuliza, na nikachukulia kwamba yule mtu aliamini.

Nyumba ya Kenmore tuliikuta imejaa. Viatu vya theluji vimerundikana mlangoni, viti vya kanisa vimepangwa hadi ukumbini, wanaume sebuleni wanabishana nani atangulie kuhubiri, "bon, tusikilizane, tusikilizane," na hakuna anayesikiliza. Nilikimbilia jikoni, nikapewa kabichi na kisu, nikashukuru Mungu kwa kabichi. Kando yangu kina mama wawili waliokuwa wanakaanga samaki walikuwa wanasimuliana habari za marehemu. "Alipandaka mu ile château ya Ulaya, na ile ugonjwa," mmoja alisema. "Na miguu. Mpaka juu." Mwenzake akasema, "Mwanamke ule, acha tu." Kumbe aliwasimulia wote. Neema akaja na Biblia ya mama yake, mwanawe amemshika sketi, akavuta kiti akaketi karibu nami. Alikuwa anatafuta cha kuweka kwenye programu ya maziko. Akanieleza jinsi mama yake alivyowasimulia: ngazi zisizokwisha, upepo wa juu, mto ukionekana mwembamba, na Auntie Goreth amechoka, anasaidiwa yeye, mwenye miguu mibovu ndiye anamvuta mwenye miguu mizima. Walikuwa wakiipenda sana sehemu hiyo. Espérance alinipeleka juu. Aliposimulia peke yake, miaka yote ile, hakuniacha chini.

"And look, she kept this," Neema alisema, akakitoa kijikaratasi katikati ya Zaburi. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika. Neema alisoma Kifaransa kidogo sekondari, akafuata mistari ya kalamu ya bluu kwa kidole, akimtafsiria mwanawe kwa Kiingereza: hapa kanisa, hapa njia ya njano, hapa ngazi. Mstari wa mwisho, ulio chini kabisa, ulikuwa umepigwa mara mbili. "Julai na Agosti," Neema alisoma, "tous les jours. Every day. Wanafungua kila siku, saa nne asubuhi mpaka saa moja jioni."

Niliweka kisu chini. Espérance alikuwa na kijikaratasi hicho juu ya goti asubuhi ile ya Jumanne. Alikuwa ameshakisoma, ameshakipigia mstari, mtu aliyenisomea hadi bei za mkate. Alinitazama mara mbili, akasema wamefunga, akainama akafungua viatu, akaketi pale nilipomwambia aketi.

"So, Auntie," Neema alisema, kalamu mkononi, tayari kuandika, "mlipofika juu, uliona nini?"

"Hatukufika, Neema."

Alicheka kidogo, akidhani namtania, kisha akaona uso wangu. Kina mama wa samaki wakageuka. Mwana wa Neema alinitazama kwa macho yaleyale ya bibi yake.

"Lakini walikuwa wamefungua," Neema alisema. "Iko hapa. So mlienda wapi?"

"Tulikwenda kula," nikamwambia.